Kitoweo cha Shambani

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kuku na mayai ni heshima ya mgeni. Samaki asipopatikana, kitoweo hutoka shambani: kunde, mbaazi, au kisamvu, kiitwacho matapa nchini Msumbiji, kikitwangwa na kuungwa kwa karanga na tui la nazi. Twakiona cha asili. Kumbe muhogo na karanga vyatoka Amerika ya Kusini, vikaletwa na Wareno. Kunde ndizo za Afrika hasa.

Mocímboa da Praia iliposhambuliwa Oktoba 2017, na Palma Machi 2021, watu walikimbia, wakaacha mifugo na mashamba. Maarifa ya kupika hawakuyaacha. Basi tufundishapo neno "kitoweo", tusiseme ni nyama na samaki tu.