Askofu Henrique wa Kongo: Cheo Bila Jimbo

Ukiitazama ramani ya Afrika utaona nchi mbili zinazoitwa Kongo. Jina hilo ni kongwe kuliko mipaka yake. Katika karne ya 15 lilikuwa jina la ufalme ambao makao yake makuu, Mbanza Kongo, leo yamo kaskazini mwa Angola.

Mwaka 1491 mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa na mapadri wa Kireno. Mwanawe, Afonso wa Kwanza, aliyemrithi, aliishika dini hiyo kwa dhati. Alianzisha shule na kuwapeleka vijana Ureno wakasome. Miongoni mwao alikuwamo mwanawe mwenyewe, Henrique, aliyesomea upadri Lisbon. Mwaka 1518 Papa Leo wa Kumi alimteua kuwa askofu, ingawa hakuwa ametimiza umri wa miaka 30 uliotakiwa na sheria ya Kanisa.

Sasa tafakari maneno mawili: cheo na mamlaka. Cheo ni nafasi anayopewa mtu. Mamlaka ni uwezo wa kuamua. Henrique alipewa cheo cha Askofu wa Utica, mji wa kale katika Tunisia ya leo, ambao wakati huo ulikuwa magofu, usio na waumini wa kuongozwa. Kwa kazi, alifanywa msaidizi wa askofu wa Funchal, katika kisiwa cha Madeira, kilichotawaliwa na Ureno. Kongo, nchi yake, haikufanywa jimbo.

Upungufu huo haukuwa jambo dogo. Tangu mwaka 1514 Afonso alikuwa akilalamika kwamba baadhi ya mapadri waliotumwa kwake walinunua watumwa badala ya kufundisha. Henrique alirejea mwaka 1521, akiwa askofu asiye na jimbo. Mwaka 1526 baba yake alimwandikia mfalme wa Ureno kuwa wafanyabiashara walikuwa wakiwakamata watu huru, hata jamaa zake mwenyewe. Tuseme kweli: Afonso naye aliuza mateka wa vita. Alichokipinga ni biashara iliyovunja sheria za nchi yake.

Henrique alifariki yapata miaka kumi baada ya kurudi. Mwaka 1534 Kongo iliwekwa chini ya jimbo jipya la kisiwa cha São Tomé, nalo lilikuwa chini ya Wareno. Mbanza Kongo ilipata jimbo lake mwaka 1596, Henrique akiwa amekwisha kufa zamani.

Mwaka 1939, miaka 421 baada ya uteuzi wa Henrique, Papa Pius wa Kumi na Mbili alimweka wakfu Joseph Kiwanuka wa Uganda. Huyu alikabidhiwa Masaka, nchini mwake, awaongoze watu wake.

Basi, msomaji, usikiapo kwamba fulani amepewa cheo, uliza swali la pili: je, amepewa na mamlaka?