Kugeuza gari ya zamani iende na umeme: mambo ya kujua mbele ya kufungua moteri

Kutoa moteri ya esanse ndani ya gari ya zamani na kuweka moteri ya umeme ni kazi ambayo mafundi wa inchi nyingi wanaifanya, wengine kwenye garaje kubwa, wengine katika uwanja wa nyumba yao. Huko Nairobi, kampuni Opibus, ambayo leo inaitwa Roam, ilianza mwaka wa 2017 na ikajulikana kwa kugeuza magari ya safari. Ufaransa iliweka sheria ya kazi hiyo mwaka wa 2020: gari ya kawaida iwe imepita miaka 5, na kazi ifanywe na fundi mwenye ruhusa. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka wa 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy alikuwa mtu wa kwanza kupitisha kilomita 100 kwa saa ndani ya gari, na gari ile ilikuwa ya umeme.

Kwa hiyo, kwa mkaaji wa Bukavu, Bunia, Butembo ao Kindu, swali si kama inawezekana. Maswali ni matatu: umeme utatoka wapi, batri itakuwa ya namna gani, na utafanya nini ili kura isikuue.

Nini inatoka, nini inaingia

Vinavyotoka ni moteri, radiatere, tanki na bomba la moshi. Vinavyobaki ni mapine, usukani, fre, na mara nyingi buate ya vitesi. Moteri mpya inafungwa kwenye buate ileile kwa bamba la chuma lililokatwa kwa kipimo, na kipande kinachounganisha mihimili miwili. Vipande hivyo vinaomba fundi mwenye mashine ya kukereza vyuma. Mihimili ikipishana hata kidogo, moteri inatetemeka na beringi zinakufa upesi.

Vinavyoingia ni hivi:

- moteri ya umeme, kwa mfano ile ya mashine ya kuinua mizigo kwenye madepo, ao ya gari ya umeme iliyopata ajali;
- kontroleri, inayopima umeme unaoenda kwenye moteri kadiri unavyokanyaga;
- batri kubwa, pamoja na karti ya kulinda seli, ambayo mafundi wanaiita BMS;
- shajeri;
- konvertiseri inayotoa volti 12 kwa ajili ya taa, honi na vifuta-kioo, sababu alternateri imeondoka na moteri.

Angalisho moja: moteri nyingi za mashine za kuinua mizigo hazipashwi kujaribiwa kwa volti nyingi zikiwa mezani bila mzigo. Zinazidisha mbio mpaka zivunjike. Kwa kujaribu, volti 12 zinatosha, na moteri iwe imefungwa imara.

Hesabu ya batri

Hapa ndipo pesa nyingi inapoenda. Gari ndogo iliyogeuzwa inakula karibu kilowati-saa 18 kwa kilomita 100 kwenye barabara nzuri. Kwenye milima ya Bukavu ao Butembo, na kwenye barabara ya matope, inakula zaidi.

Tukamate mfano. Seli moja ya lityumu-fosfati ya ampea-saa 280 iko na volti 3.2 na uzito wa karibu kilo 5.4. Ukiunganisha seli 30 kwa mstari unapata volti 96, karibu kilowati-saa 27, na kilo 162 bila kuhesabu kisanduku. Ukitumia asilimia 80 tu ili batri idumu, unapata kilomita 120 hivi kwenye tambarare.

Sasa ufanye hesabu ileile kwa batri za asidi, zile za kawaida. Kilo moja inabeba wati-saa 30 mpaka 40. Kwa kilowati-saa 27 ungebeba karibu kilo 700 ao zaidi, uzito unaokaribia ule wa gari ndogo yenyewe, na tena haifai kuzimaliza kupita nusu. Bei yake inavutia mwanzoni, lakini zinachoka mbio. Kwa gari, si chaguo zuri.

Kuna pia batri zenye nikeli na kobalti, ile kobalti ambayo zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani inatoka kwetu Kongo. Zinabeba umeme mwingi zaidi kwa kilo, lakini zikiharibika zinashika moto kwa urahisi zaidi. Lityumu-fosfati haina kobalti, inavumilia joto vizuri, na inafaa zaidi kwa fundi wa nyumbani.

Umeme wa kwako unatosha?

Goma imepata umeme wa mtambo wa Matebe, kule Rutshuru, uliofunguliwa mwaka wa 2015. Bukavu inategemea maji ya Ruzizi. Miji mingine inaishi na grupe na panno za jua. Mbele ya kununua hata bulo moja, andika kwenye daftari kwa wiki mbili: kura inakuja saa ngapi, inaondoka saa ngapi.

Prizi ya ampea 10 kwa volti 220 inatoa kilowati 2.2. Kujaza batri ya mfano wetu kunaomba karibu saa 11. Kama delestaje inakuachia saa 4 tu usiku, utaingiza karibu kilowati-saa 8, ni kusema kilomita 40 hivi za kesho yake. Kwa anayeenda kazini na kurudi ndani ya mji, hiyo inatosha. Kwa taksi ya siku nzima, haitoshi. Tena, fili za zamani za nyumba zinaweza kuwaka zikibeba ampea 10 usiku kucha: shajeri iwe na laini yake peke yake, yenye fili nene na disjonkteri yake.

Na grupe je? Grupe ndogo inakula karibu nusu lita ya esanse kwa kila kilowati-saa. Kwa zile kilomita 40 itakunywa lita 4 hivi. Gari ya zamani inayokula lita 9 kwa kilomita 100 ingekunywa lita 3.6 kwa safari ileile. Kushaji kwa grupe ni kuchoma esanse pembeni ya gari pahali pa kuichoma ndani yake.

Panno 5 za wati 400, zikipata saa 4 za jua kali, zinatoa kilowati-saa 8 kwa karatasi, na pungufu kwa kweli. Lakini gari inapashwa kuwa nyumbani mchana. Kama sivyo, utanunua batri zingine za kuhifadhi.

Volti 96 si mchezo

Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 100, inayohusu magari ya umeme, inahesabu umeme wa batri unaopita volti 60 kuwa wa hatari. Fundi aliyezoea batri ya volti 12 anaweza kufa kwa tabia yake ya kila siku.

Umeme wa nyumba unashuka hadi sufuri na kupanda mara 100 kwa sekunde, ndiyo maana cheche yake inazimika upesi. Ule wa batri hausimami: cheche ikiwaka inaendelea na kuyeyusha chuma. Kwa hiyo disjonkteri ya kawaida ya nyumba haifai humo. Fizibli na swichi ziwe zimeandikwa DC, na volti zake zipite zile za batri. Fizibli ikae karibu kabisa na batri, na shofere awe na swichi ya kukata umeme wote mahali mkono unafika.

Ondoa pete na saa ya mkono. Vaa glavu za umeme. Usifanye kazi peke yako. Nyuma ya kukata umeme, ngoja na upime: ndani ya kontroleri kunabaki umeme kwa muda. Kisanduku cha batri kisiingize maji, na gari isishajiwe chini ya dirisha la watu waliolala.

Fre, uzito na karatasi

Kwenye gari nyingi, nguvu ya kusaidia fre inatokana na moteri ya esanse kuvuta hewa. Moteri ikitoka, pedali inakuwa ngumu sana. Ni lazima kuweka pampu ya umeme ya kuvuta hewa, na kuijaribu mbele ya kushuka mlima wowote. Gawa batri mbele na nyuma, na usipitishe uzito ambao gari ilitengenezwa kubeba.

Namba ya moteri iliyo kwenye karti roze haitakuwa tena ya kweli. Uende kuuliza ofisi ya uchukuzi ya jimbo na watu wa asiranse mapema, si siku polisi wa barabarani amekusimamisha.

Inalipa?

Batri, moteri na kontroleri vinafika dola elfu kadhaa, bila kuhesabu usafiri na forodha. Kwa kujua kama utazirudisha, kamata bei ya lita ya esanse ya kwako mara 3.6: hiyo ni siku moja ya kilomita 40. Kiisha kamata bei ya kilowati-saa ya kontere yako mara 8. Tofauti yake ndiyo faida ya siku. Gawa gharama yote kwa faida hiyo, utapata hesabu ya siku. Ikipita miaka 8 ao 10, batri inaweza kuchoka mbele ya kujilipa.

Na mbele ya kutoa moteri, mwite fundi wa vyuma aangalie shasi. Gari iliyoliwa na kutu haiponi kwa kubadilishiwa moteri.