Ningu, Samaki Apandaye Mto

Sisi tukaao Kisanga twajua kwamba masika yakijaza mito, wako samaki waachao maji makuu na kupanda ili kutaga mayai. Miongoni mwao wamo wa ukoo wa karpi, samaki afugwaye tangu kale katika China na Ulaya. Nisemapo Ulaya, sikusudii kijiji jirani yetu chenye jina hilo.

Katika Ziwa Viktoria yuko mmoja wa ukoo huo, ambaye Waluo na Waganda humwita ningu. Wataalamu walimwandika mwaka 1901 kwa jina la Labeo victorianus. Mito ifurikapo, ningu hupanda, hutaga penye majani yaliyofunikwa na maji, kisha hurudi ziwani. Wavuvi wa kale walijenga nyuzio na kutega migono, na wengi waliwanasa wakati wa kushuka, mayai yakiwa yamekwisha kutagwa.

Mwaka 1905 nyavu za makila zilifika katika Ghuba ya Kavirondo. Bwana Michael Graham alichunguza uvuvi wa ziwa mwaka 1927 na 1928, akashauri tundu la wavu lisipungue inchi 5. Lakini shauri hilo lilimkusudia ngege. Kwa ningu hatari ilikuwa mahali na wakati: nyavu za tundu dogo zilitandazwa vinywani mwa mito, naye alinaswa akipanda, tumbo limejaa mayai. Kufikia katikati ya karne ya 20, ningu walikuwa wamepungua mno katika mito kama Nzoia.

Je, hakufaa kufugwa? Mwaka 1949, majaribio ya ufugaji yalipoanzishwa Korogwe, alichaguliwa perege, kwa kuwa huzaana bwawani mwenyewe. Ningu hungoja mafuriko. Ndipo mwaka 2004 wataalamu Rutaisire na Booth walipotangaza kwamba wamemfanya atage kwa kumdunga sindano ya dawa, na mayai yakaanguliwa.

Basi, tumaini lipo. Walakini bwawa halishiki mahali pa mto. Walimu na mapadre wa Kilosa, tuwaulize wazee majina ya samaki wapandao Mkondoa na Ruaha, na miezi yao. Ajuaye mwezi wa kutaga ajua pia mwezi wa kuzuia wavu. Maarifa hayo yakizikwa pamoja na wazee, samaki nao watayafuata.