Kurudi Kundini

Historia ya miaka mia moja ya Usharika haiandikwi kwa kuwataja waliosimama imara peke yao. Tangu Wamisionari wa Leipzig walipoanza kazi Machame mwaka 1893, Wakristo wa Kilimanjaro walijaribiwa kwa pombe, kwa mitara na kwa matambiko, na wengine walianguka. Hao walitengwa na Meza ya Bwana, na walipotubu walirudishwa kundini mbele ya Usharika. Lakini wako ambao aibu iliwaelemea, wakabaki nje miaka mingi.

Uamsho ulipofika Bukoba kutoka Rwanda na Uganda, uliwafundisha hata waliohesabiwa kuwa wema kuungama dhambi zao hadharani. Luther alikwisha kutangaza mwaka 1517, katika hoja ya kwanza kati ya zile 95, kwamba maisha yote ya mwamini ni toba. Katekisimo Ndogo ya 1529 ikaifungamanisha toba ya kila siku na Ubatizo. Na kwa kuwa Ubatizo ni ahadi ya Mungu, anguko letu haliutangui.

Basi, anayerudi leo apokewe na watu wanaojua kwamba wao pia walirudishwa.