Msaada wa afya ya akili: mtu mzima wa Lingeka aanzie wapi?

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

MTU mzima anayeugua malaria huko Lingeka, mkoani Simiyu, hahitaji kuelekezwa njia ya zahanati. Lakini anayekosa usingizi kwa wiki kadhaa, akapoteza hamu ya chakula na ya shamba, na kuanza kuona kwamba maisha hayana maana, mara nyingi hupelekwa kwanza kwa mganga au kwenye maombi. Hospitali hufikiwa baadaye, ng'ombe wakiwa wameshauzwa na hali ikiwa mbaya zaidi.

Huduma hiyo, hata hivyo, huanzia karibu kuliko wengi wanavyodhani. Tabibu wa zahanati au kituo cha afya anaweza kumsikiliza mgonjwa, kumpima magonjwa mengine yanayofanana na hayo, kama upungufu wa damu, na kumwandikia barua ya rufaa. Mgonjwa hana haja ya kutamka kwamba ana ugonjwa wa akili. Inatosha aeleze yanayompata: tangu lini halali, kama anakunywa pombe na kwa kiasi gani, kama amewahi kufikiria kujidhuru. Asishangae akiulizwa maswali 9 ya kupima sonona, ambayo hutumika katika nchi nyingi na yamekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili. Maswali hayo humsaidia mtaalamu kupima uzito wa hali, wala si mtihani wa kufaulu au kushindwa.

Kutoka hapo, rufaa hufuata ngazi. Bariadi ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, na mjini humo ipo Hospitali ya Somanda pamoja na hospitali ya rufaa ya mkoa. Tatizo linalozidi uwezo wa mkoa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, jijini Mwanza, kwa njia ya Lamadi. Ngazi ya juu kabisa ni Hospitali ya Mirembe mjini Dodoma, iliyojengwa miaka ya 1920 wakati wa utawala wa Waingereza. Jina hilo limegeuzwa tusi la mitaani, jambo ambalo limewaogofya wagonjwa wengi bila sababu, kwani walio wengi hutibiwa na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo katika hospitali za kawaida bila kuiona Dodoma.

Kabla ya kuondoka, familia ihakikishe ina barua ya rufaa, kadi ya bima kama ipo, na dawa zote ambazo mgonjwa amekwisha kutumia, zikiwamo za miti shamba. Kuzificha hizi za mwisho kwa aibu ni hatari, kwa kuwa baadhi hugongana na dawa za hospitali. Asiye na uwezo wa kulipa aombe kuonana na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hajakata tamaa. Huyo ndiye anayeshughulikia msamaha wa gharama.

Jambo linalowakwaza wengi ni muda. Dawa za sonona kwa kawaida huchukua wiki 2 hadi 4 kabla ya nafuu kuonekana, na katika siku hizo mgonjwa huweza kusikia kichefuchefu au kinywa kukauka. Wengi huziacha hapo hapo, wakisema hazifai. Wengine huziacha mara wanapopata nafuu, na ugonjwa hurudi. Mwenye tatizo na dawa arudi kwa aliyemwandikia.

Hofu nyingine ni ya kisheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kimekuwa kikihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na baadhi ya familia huficha tukio hilo kwa kuogopa polisi. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinakiuka Katiba. Kwa Tanzania, ipo pia Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, iliyoweka utaratibu wa kumfikisha hospitalini mtu asiyejitambua au asiyekubali kwenda. Kumfunga kamba au minyororo nyumbani si sehemu ya utaratibu huo.

Kwa upande wa intaneti, msaada upo, lakini matapeli nao wapo. Anayejiita daktari katika Facebook au WhatsApp aulizwe namba yake ya usajili, na jina lake lihakikiwe kwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Anayeahidi kuponya kwa siku 3, au anayedai fedha zitumwe kwa simu kabla ya mazungumzo yoyote, aachwe. Habari za afya za mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hivyo mgonjwa ana haki ya kuuliza zitatunzwaje. Kwa mwenye simu ya familia nzima, hatari ya kwanza huwa ni yule atakayeishika baadaye. Afute mazungumzo, au apige akiwa pembeni.

Asiye na bando anaweza kupiga namba 199 ya Wizara ya Afya bila malipo na kuuliza huduma iliyo karibu. Namba 116 ni ya masuala ya watoto. Aliyekwisha kunywa sumu, au anayesema atajiua, asisubiri simu wala miadi: apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, asiachwe peke yake njiani, na viuatilifu vya pamba viondolewe nyumbani.