Kushusha injini ya gari: Hatari iko kwenye uzito unaoning'inia

KUSHUSHA injini ni kazi ya kuitoa kwenye gari ili ifanyiwe matengenezo makubwa au ibadilishwe. Injini ya petroli ya silinda 4 mara nyingi huwa na uzito wa kati ya kilo 100 na 200, hivyo si mzigo wa kunyanyuliwa kwa kamba iliyofungwa kwenye tawi la mti.

Gari huegeshwa kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, na injini huachwa ipoe. Waya hasi wa betri hutangulia kufunguliwa. Kisha maji ya rejeta na oili hukingwa kwenye chombo, na mipira, nyaya na ekzosi hutenganishwa.

Mnyororo hufungwa kwenye masikio ya kunyanyulia injini. Boliti zinazoishikilia hufunguliwa mwisho, baada ya mnyororo kupokea uzito. Winchi ya tani 2 hubeba kiasi hicho mkono wake ukiwa mfupi. Ukirefushwa hadi mwisho, uwezo huo waweza kushuka hadi nusu tani.

Injini ikipanda sentimita chache, fundi husimama na kukagua kama kuna waya uliosahaulika. Mtu yeyote asipite wala kuingiza mkono chini yake. Ikishatoka, hushushwa karibu na sakafu kabla ya winchi kusogezwa.