Karatasi ya Tatu: Historia ya Msaada wa Kisaikolojia Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Mama yangu mdogo alikwenda India kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Alirudi Kampala na karatasi mbili, moja ya dawa na nyingine ya chakula. Alipungua haraka, sukari ikashuka, magoti yakaacha kumuuma. Lakini katika sherehe moja ya kwanjula alikaa mbele ya sahani ya matoke asiyoweza kuimaliza, na watu watatu wakamuuliza kwa sauti ya chini anaumwa nini. Tangu siku ile akaanza kuzikwepa sherehe, na usiku tulimsikia akilia. Upasuaji ulikuwa umefaulu. Hata hivyo, hakupewa karatasi ya tatu, ile ambayo ingemweleza yeye na sisi namna ya kuishi na mwili mpya.

Insha hii inauliza kwa nini karatasi hiyo haikuwepo. Jibu linapatikana katika historia ya upasuaji wenyewe. Hoja yangu ni kwamba ufundi wa kupasua ulikwenda mbio kuliko utunzaji wa moyo na mwenendo wa mgonjwa, na hata utunzaji huo ulipokuja, uliwekwa zaidi kabla ya upasuaji kuliko baada yake.

Tuanzie mwaka 1954. Madaktari Kremen, Linner na Nelson wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walitoa taarifa ya upasuaji ulioacha sehemu kubwa ya utumbo mwembamba nje ya njia ya chakula. Msingi wake ulikuwa rahisi: chakula kipite upesi, mwili usipate nafasi ya kukifyonza. Kwa fikra hiyo, mgonjwa hakuhitaji kubadilika sana, kwa kuwa kazi ingefanywa na utumbo. Upasuaji wa namna hiyo ulienea katika miaka ya 1960 na 1970, na madhara yake yakajulikana: kuhara kusikoisha, mawe kwenye figo, upungufu wa virutubishi, na kwa baadhi ya wagonjwa ini kushindwa kufanya kazi. Kufikia miaka ya 1980 madaktari walikuwa wameuacha, na wengi waliopasuliwa ilibidi warudishwe chumba cha upasuaji ili utumbo uunganishwe upya.

Njia ya pili ilitokea Chuo Kikuu cha Iowa. Mwaka 1966 Edward Mason na Chikashi Ito walianza kugawa tumbo la chakula, wakiacha kifuko kidogo kilichounganishwa moja kwa moja na utumbo. Hapa mambo yalibadilika. Mwenye kifuko kidogo anapaswa kula kidogo kidogo, kutafuna sana, kutokunywa maji mengi pamoja na chakula, na kumeza vitamini maisha yake yote. Akila vitu vitamu anaweza kutokwa na jasho, moyo ukamwenda mbio na tumbo likamsokota. Kwa maneno mengine, kisu peke yake hakikutosha. Mwenendo wa mgonjwa ukawa sehemu ya tiba, ingawa haikuwa wazi ni nani angemfundisha mwenendo huo.

Maarifa ya kufundisha yalikuwa yakikua kwingine. Daktari wa magonjwa ya akili Albert Stunkard aliandika mwaka 1957 kuhusu watu wanaopatwa na huzuni na wasiwasi wanapojinyima chakula ili wapungue. Mwaka 1967 Richard Stuart alieleza jinsi alivyowafundisha wagonjwa wachache kuangalia tabia zao za kula, kwa mfano kuandika walichokula na wakati walipokula. Huku nyuma watu wa kawaida walikuwa wamejipanga wenyewe. Esther Manz alianzisha kikundi cha TOPS huko Milwaukee mwaka 1948. Overeaters Anonymous ilianza Los Angeles mwaka 1960, na Jean Nidetch wa New York akaanzisha Weight Watchers mwaka 1963. Nidetch hakuwa daktari. Alianza kwa kuwaalika marafiki nyumbani kwake wazungumze juu ya uzito wao. Wazo la vikundi hivi lilikuwa kwamba anayejua shida yako ni yule anayeishi nayo. Hospitali nyingi zinazopasua zilikuja kutumia wazo hilohilo, zikaanzisha mikutano ya wagonjwa waliokwisha kupasuliwa na wanaosubiri zamu.

Hatua kubwa ya kisera ilikuja mwaka 1991. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ziliitisha mkutano wa wataalamu, ukapendekeza kwamba upasuaji wafikiriwe watu wenye uwiano wa uzito na kimo wa 40 na zaidi, au 35 kama wana magonjwa makubwa yanayotokana na unene. Mkutano ulitaka mgonjwa achunguzwe na timu yenye daktari wa upasuaji, daktari wa magonjwa ya ndani, mtaalamu wa akili na mtaalamu wa lishe, kisha afuatiliwe maisha yake yote. Kwa maandishi, karatasi ya tatu ilikuwa imezaliwa.

Katika utekelezaji, sehemu mbili za pendekezo hilo hazikupata uzito sawa. Uchunguzi wa akili kabla ya upasuaji ulishika mizizi, hasa pale kampuni za bima zilipoufanya sharti la kulipa. Ufuatiliaji wa baadaye haukuwa na mlinzi wa namna hiyo. Mgonjwa aliyepona kidonda hurudi kazini, huona nguo zinampwaya, huona hana haja tena ya kliniki. Mtaalamu wa akili akawa kama bawabu: anakagua anayeingia, lakini hamjui tena akishapita mlangoni. Kisha mwaka 1994 Wittgrove na Clark wa California wakatoa taarifa ya kufanya upasuaji huo kwa kupitia matundu madogo. Hofu ya kidonda kikubwa ikapungua, na wagonjwa wakaongezeka sana katika miaka iliyofuata.

Gharama ya pengo hilo ilionekana katika tafiti za karne hii. Mwaka 2007 Adams na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa wa Utah. Vifo kwa jumla vilikuwa pungufu kwa asilimia 40 kati ya waliopasuliwa kuliko kati ya watu wanene ambao hawakupasuliwa. Hayo ni mafanikio makubwa, na insha hii haiyakani. Lakini vifo visivyotokana na magonjwa, kama ajali na kujiua, vilikuwa juu kwa asilimia 58. Mwaka 2012 King na wenzake walionyesha kwamba matatizo ya ulevi yalikuwa asilimia 7.6 kabla ya upasuaji, hayakupanda mwaka wa kwanza, kisha yakafika asilimia 9.6 mwaka wa pili. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliotolewa mwaka 2015, ulifuatilia wagonjwa 8,815 ukaona kwamba dharura za kujidhuru ziliongezeka kwa takriban nusu baada ya upasuaji.

Tukizitazama kwa pamoja, tafiti za Marekani na Kanada zinatuonya juu ya wakati. Mwaka wa kwanza mara nyingi ni wa furaha: uzito unashuka na watu wanasifu. Shida huweza kuja baadaye, uzito unapoacha kushuka au unapoanza kurudi, na sifa zinapokwisha. Aliyekuwa akituliza huzuni kwa chakula hana tena kitulizo hicho, na pombe humwingia damuni haraka kuliko zamani. Ndoa nayo hutikisika, maana mwenzi mmoja amebadilika na mwingine hakutayarishwa. Wakati huohuo ndio ambao mgonjwa ameshaacha kuhudhuria kliniki.

Baadhi ya watu husema aliyenenepa tena hana nidhamu. Sayansi imeidhoofisha lawama hiyo. Mwaka 1999 watafiti wa Japani, Kojima, Kangawa na wenzao, waligundua ghrelini, homoni inayotoka tumboni na kuamsha njaa. Njaa, basi, si suala la utashi peke yake. Mgonjwa anastahili kuelezwa hivyo kabla hajaanza kujichukia.

Kwetu Afrika Mashariki suala hili si la mbali tena. Wagonjwa wanasafiri kwenda kupasuliwa, na Hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, imeanza kutoa huduma za kupunguza uzito, zikiwemo za puto tumboni. Uganda ina mzigo wake wa pekee. Mwaka 1985 David Serwadda na wenzake waliandika katika jarida la Lancet kuhusu ugonjwa wa kukonda uliokuwa ukiua watu Rakai, ugonjwa ambao wananchi waliuita siliimu. Kizazi cha wazazi wetu kilijifunza kwamba anayekonda ghafla anakufa. Wale watatu waliomuuliza mama mdogo hawakuwa wabaya. Walikuwa wamezika ndugu.

Hata hivyo, historia hiyohiyo ina mafunzo. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO hapa Uganda. Bila dawa za kuponya, walikaa na wagonjwa, wakawapa ushauri nasaha, wakawashirikisha jamaa zao. Ustadi wa kumsindikiza mgonjwa kwa miaka mingi tunao, na hatukuuagiza kutoka Minnesota wala Iowa.

Kwa hiyo karatasi ya tatu inaweza kuandikwa hapa. Iwe na jina la mshauri nasaha, tarehe za kukutana naye zinazopita mwaka wa pili, kikundi cha waliopitia njia hiyo, na nafasi ya jamaa kuuliza maswali. Kwa mama mdogo tuliianza wenyewe kwa kuchelewa: mjomba aliwaeleza ndugu kwenye kikao cha ukoo kwamba dada yake hafi, amepasuliwa, na anakula kidogo kwa sababu ndivyo anavyopaswa. Kwanjula iliyofuata alikuja, akapewa sahani ndogo, na hakuna aliyemuuliza kitu.